Mshtakiwa Alikuwa Amelala

Mimi sikoromi. Hilo nimelisimamia miaka 11 ya ndoa, mpaka Mama Rehema alipoamua kunirekodi. Asubuhi nimekaa na chapati yangu, ananiwekea simu sikioni. Namuuliza, "Hiyo bodaboda ya nani?" Anasema, "Sikiliza kwanza, Baba Rehema."

Nasikiliza. Inanguruma, inanguruma, halafu kimya. Nikadhani chaji imekwisha. Kumbe mwenzangu anahesabu kwa vidole: ishirini na moja, ishirini na mbili... mara "khhhaa!", kama mtu aliyepiga mbizi Kigamboni akaibuka bila samaki. Bodaboda ikawaka upya.

"Hapo pa kimya," anasema, "ulikuwa hupumui."

Kesi gani hii, mshtakiwa alikuwa amelala? Nikamwita shahidi wangu, jirani wa chumba cha pili. Nyumba zetu hizi za kupanga, ukuta haufiki juu. Akasema, "Shemeji hajakusingizia. Ngurumo yako nishaizoea, nalala nayo. Ukinyamaza ndo naamka. Juzi nilishaanza kutafuta elfu kumi ya rambirambi."

Na mimi kila kitu nilikuwa na maelezo yake. Naamka kichwa kinagonga: joto. Mdomo mkavu kama gunzi: feni. Chooni mara nne kwa usiku, tena choo cha nje, unampita mbwa wa mwenye nyumba: chai ya jioni. Kusinzia mchana: kutafuta hela. Wiki iliyopita nimepanda daladala Kariakoo, nashuka Mtongani. Kufumbua macho, Rangi Tatu, konda ananigonga bega: "Mzee, tumefika, au unarudi na sisi?" Nikarudi nao. Kufumbua macho, Kariakoo.

Nikaenda hospitali. Daktari akatoa tepu, akanipima shingo. Nikamwambia suti ninayo. Sentimita 43! Anasema mwanaume akivuka 40 anaanza kuangaliwa. Shingo ambayo ukweni waliisifia! Yakafuata maswali manane: ukitazama tivii unasinzia? Ukiongea na mtu je? Gari likisimama kwenye foleni? Kila swali sifuri hadi tatu, ukizidi 10 usingizi wako una walakini. Nikapata 17, na mawili nilidanganya.

Kumbe nikilala nyama za koo zinalegea, ulimi unarudi nyuma, njia ya hewa inaziba. Ubongo ukiona bwana mkubwa anaondoka, unamzindua kidogo, anavuta pumzi, analala tena wala hakumbuki. Hivyo hivyo hadi alfajiri. Daktari anasema hata presha yangu isiyoshuka huenda inatokea humo. Na mimi chumvi nimenyimwa tangu mwaka jana, nakula mchicha kama mbuzi!

Nimeandikiwa kipimo cha kulala na waya mwilini. Niliposikia bei, usingizi wote ulikata. Huku najichanga, nimeambiwa nipunguze kitambi, bia za jioni niziache, nilale ubavu. Mama Rehema akashona mfuko mgongoni mwa fulana yangu ili atie mpira wa tenisi. Mpira hakupata, akatia limau. Nikigeuka chali tu, linanikaba uti wa mgongo.

Jana nimelala ubavu, kimya kabisa. Saa nane usiku mlango unagongwa. Jirani.

"Shemeji, mzee yupo?"