Shangazi Alivyohudhuria Kikao Bila Kualikwa

Naomba niwaeleze mwenyewe yaliyonipata kikaoni kabla toleo la rafiki yangu halijawafikia wote, maana kwa jinsi anavyolitia chumvi kila anapompata msikilizaji mpya, nahofia kwamba kufikia mwisho wa juma itasemekana nilizimia nikamwagiwa maji. Sikuzimia. Sikupiga mayowe. Na ile habari kwamba nilijificha chini ya meza ni uzushi mtupu: nilikuwa juu ya kiti muda wote, na kama mtakavyoona, kukaa juu ya kiti ndiko kulikoikamilisha aibu yangu.

Mliokwisha kusakinisha toleo jipya la mfumo wa simu mnajua hali ilivyo. Unaiweka simu kwenye chaji, unalala, na asubuhi unakabidhiwa kifaa ambacho hukukinunua. Nilikuwa nimeuahirisha ule ujumbe wa kusasisha kwa muda mrefu, lakini siku hizi marekebisho ya usalama hufungashwa pamoja na mapambo, kwa hiyo mtu anayetaka tu wezi wa mtandaoni wasipate upenyo hana budi kukubali pia kubadilishiwa sura ya simu nzima. Kampuni iliyoitengeneza simu yangu nimeamua kuisitiri, na msinitumie ujumbe wa faragha kuniuliza.

Kulipokucha nilikuta kila kitu kimegeuzwa kioo. Saa ilikuwa imevimba, aikoni zilikuwa zimepoteza nyuso zao, na maandishi yote yalikuwa meupe, membamba, yanaelea juu ya picha ya mandhari ambayo kwa bahati mbaya ni mawingu niliyoyapiga picha mwenyewe na ambayo nayapenda. Meupe juu ya meupe. Nilipoishusha orodha ya arifa, niliona ujumbe wa benki ukiwa umebaki na herufi zile tu zilizoangukia kwenye kipande cha anga la buluu, na salio langu, ambalo hata katika hali ya kawaida halionekani kirahisi, lilikuwa limetoweka kabisa. Nilimwandikia rafiki yangu kwamba simu yangu imepata mtoto wa jicho. Tulicheka. Nilidhani huo ndio mwisho wa kichekesho.

Jambo ambalo sikulikagua asubuhi ile ni skrini ya simu inayoingia, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili timamu anayeamka na kufanya mazoezi ya kupokea simu. Tangu nianze kutumia simu za kampuni hii, utaratibu ulikuwa mmoja: ukitelezesha kidole kwenda juu unapokea, ukitelezesha kwenda chini unakataa, na ukishapokea, kitufe chekundu cha kukata kinakaa chini, katikati kabisa, mahali ambapo dole gumba langu linafika hata gizani. Waungwana wa toleo jipya waliona mpangilio huo umezeeka. Sasa kuna ufito mmoja wa kioo katikati ya skrini, na unausogeza kulia ili kupokea au kushoto ili kukataa. Kitufe chekundu kimehamishiwa pembeni, na kiti chake cha enzi, pale chini katikati, amepewa spika.

Lisomeni tena hilo sentensi la mwisho, maana msiba wote umo humo.

Basi, tulikuwa kikaoni. Mwenyekiti alikuwa amefikia mengineyo, na waliowahi kukaa katika kikao chini ya mwenyekiti wetu wanajua kwamba mengineyo ndiyo ajenda yenyewe. Zile nyingine ni utangulizi. Ukumbi ulikuwa kimya. Simu yangu ilikuwa mezani mbele yangu, imezimwa sauti, nami nikiwa nimekunja uso kwa namna ya mtu anayeandika jambo la maana. Ndipo ikaanza kutetema. Picha ya Shangazi ilijaa skrini nzima, yuko ndani ya mtandio mweupe, anatabasamu.

Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilinyoosha dole gumba bila hata kuangalia vizuri, nikatelezesha kwenda chini kwa ile dharau ya mtu aliyekwisha kufanya jambo hilo maisha yake yote. Hakuna kilichotokea. Simu iliendelea kutetema na kuanza kusogea yenyewe juu ya meza, ikielekea kwa mjumbe wa pili. Nikatelezesha tena, kwa nguvu zaidi. Safari hii niliinama nikaangalia, na juu ya kifua cha Shangazi, pale mtandio ulipokuwa mweupe zaidi, niliona kivuli cha ufito na ndani yake maandishi meupe ya maelekezo ambayo ningeweza kuyasoma kama ningekuwa na kurunzi na muda wa kutosha. Sikuwa na vyote viwili. Mwenyekiti alikuwa amenyamaza katikati ya sentensi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nikausogeza ule ufito kuelekea upande ambao moyo wangu uliniambia ni wa kukataa.

Ulikuwa wa kupokea.

Hapo bado ningeweza kuokoka, kwa kuwa sauti ilikuwa ikitokea kwenye spika ndogo ya sikioni na hakuna aliyesikia isipokuwa mimi. Nilichotakiwa kufanya ni kukata tu, na kukata ninakujua. Dole gumba lilishuka lenyewe hadi chini, katikati kabisa, likabonyeza kwa uhakika wote.

"HALOO!" Shangazi aliuambia ukumbi mzima.

Ni lazima mfahamu kwamba Shangazi huamini sauti ya simu husafiri kwa nguvu za msemaji, na kwamba mtu akiwa mbali inabidi asaidiwe. "Haloo, mwanangu! Mbona unapumua tu? Nakuuliza, umeshamwomba ruhusa yule mwenyekiti wenu? Yule uliyesema akishika maneno hata saa ya ukutani inachoka?"

Wajumbe wote, kwa pamoja na bila kupanga, waliitazama saa ya ukutani.

Nilibonyeza kitufe cha ubavuni, nikiamini kwamba kuzima skrini ni kuzima kila kitu. Skrini ikawa nyeusi. Shangazi hakuzimika. Ukiwa umefungua spika, simu hujifunga skrini na kuyaacha mazungumzo yaendelee, kwa hiyo sasa alikuwa anazungumza kutoka gizani, jambo ambalo kwa kweli lilimwongezea heshima. "Maana ulisema ukimkatiza ananuna," aliendelea. "Mwambie tu kwa adabu. Mtu mzima haogopwi, anaheshimiwa."

Nikaweka kidole kuifungua simu. Kidole kilikuwa kimelowa jasho. Alama ya kidole haijatambuliwa. Nikakifuta kwenye suruali, nikakiweka tena. Haijatambuliwa. Kisha simu, kwa upole wa kitarishi, ikaniomba namba ya siri, na hapo zikajitokeza tarakimu zote za kioo, zikielea juu ya mawingu yangu ninayoyapenda, sita ikifanana na nane, nane ikifanana na wingu. Nilibonyeza nilichodhani ni namba yangu ya siri. Simu ilitikisa kichwa. Na mimi nawaambia ukweli wangu wote, kwa sababu rafiki yangu alikuwa amekaa mkabala nami na tayari amekwisha kuwaambia: nikaichukua ile simu, nikaiweka kitini, nikaikalia.

Ukumbi ukawa kimya kwa muda mfupi. Halafu sauti ya Shangazi ikaanza kutokea chini yangu, imefifia lakini inasikika neno kwa neno.

"Mbona sasa unasikika kwa ndani? Uko chooni?"

Mjumbe wa pili alitoka nje. Hakuaga. Tulimsikia akicheka kwenye ukumbi wa nje hadi akakohoa. Mwenyekiti, ambaye alikuwa amesimama muda wote huo akiwa ameshika karatasi zake, alizunguka meza taratibu, akafika nilipo, akaniashiria kwa mkono niinuke. Niliinuka. Aliitazama simu pale kitini, akaiinamia kidogo kama inavyostahili.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Wewe ni nani?"

"Mimi ni yule mwenyekiti."

Mtu mwingine angetafuta pa kutokea. Shangazi hakuyumba. "Aa, vizuri sana! Nilikuwa nakuhitaji wewe. Basi mruhusu huyu mtoto aje kwenye shughuli, maana mwenyewe anakuogopa."

"Nimemruhusu, Shangazi."

"Mungu akubariki. Na wala sauti yako si ya mtu wa maneno mengi."

Kisha akakata. Alikata mara moja, bila kutafuta, kwa sababu Shangazi anatumia simu ya vitufe, na kitufe chekundu cha simu ile hakijahama tangu siku ilipotoka kiwandani.

Yaliyofuata hayana haja ya maelezo marefu: kikao kiliahirishwa, ruhusa niliipata kwa maandishi, na Shangazi sasa anamsifu mwenyekiti kwa kila mtu.

Usiku ule, kwa kuwa usingizi haukuja, nilisoma habari za wenzangu waliowahi kufikwa, na niwape pole wote kwa pamoja. Kioo hiki si kigeni. Windows Vista, mfumo wa kompyuta wa Microsoft, ilipotoka mwaka 2007 ilikuja na madirisha yenye kingo za kioo, na ilipofika mwaka 2012 Windows 8 ikayavua mapambo hayo, ila ikaondoa pia kitufe cha Start ambacho vidole vya watu vilikuwa vimekizoea miaka mingi. Malalamiko yalikuwa makubwa hata mwaka 2013 kitufe kikarudi katika toleo la 8.1. Mwaka huohuo wa 2013, Apple ilitoa iOS 7, mfumo wa simu zake za iPhone, ikafuta mapambo yaliyoiga karatasi na ngozi, na mijongeo mipya ya skrini ikawatia baadhi ya watumiaji kizunguzungu na kichefuchefu, wakaongezewa njia ya kuipunguza. Mwaka 2025 kampuni hiyohiyo ilitangaza mtindo wake wa Liquid Glass, watu wakalalamika kwamba maandishi hayasomeki, na katika toleo la iOS 26.1 likaja chaguo la kukifanya kioo kisipitishe mwanga mno. Yaani kila mara kitu kinahamishwa, watu wanapiga kelele, kisha dawa inaletwa na kufichwa ndani ya mipangilio, mahali ambapo mwenye msiba hawezi kufika wakati Shangazi yuko hewani.

Na si kwamba kipimo hakipo. Miongozo ya ufikivu, yaani ya kuhakikisha hata asiyeona vizuri anaweza kusoma na kutumia, ya W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, inataka mwangaza wa maandishi ya kawaida utofautiane na wa kinachoyazunguka kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Nyeupe juu ya nyeupe ni 1 kwa 1. Huo si uwiano, huo ni msamaha wa kusoma. Mimi siupingi urembo. Wapake rangi watakavyo, wavimbishe saa hadi ijae ukuta. Ninachoomba ni kwamba kitufe ambacho mtu hukibonyeza bila kuangalia kisihamishwe usiku akiwa amelala, na zaidi ya yote nafasi yake isipewe spika. Kurudi kwenye toleo la zamani nako nilijaribu kuulizia, nikaambiwa mlango umefungwa kwa sababu za usalama. Usalama wa nani, wakati mimi nimeshadhalilika?

Kwa wanaohitaji tiba na si mahubiri: ingieni kwenye mipangilio, tafuteni sehemu ya ufikivu, na humo mkikuta cha kupunguza uwazi, kiwasheni. Kioo kitageuka kuwa ukuta wa kawaida wenye maandishi ya kawaida. Kisha fungueni programu ya kupigia simu, mwingie kwenye mipangilio yake yenyewe, ambayo ni tofauti na ile ya kwanza ingawa zinafanana jina, mtafute njia ya kupokea simu. Mimi nilikuta pale chaguo la kugusa tu badala ya kutelezesha, na nimelichagua. Mawingu yangu nimeyaondoa pia, kwa shingo upande, nimeweka rangi nyeusi tupu. Spika imebaki kwenye kiti cha enzi. Hiyo hakuna mpangilio unaoiondoa.

Jana mwenyekiti aliniita ofisini kwake. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kwa barua ya onyo, nimepanga hata maneno ya kuomba radhi. Alifunga mlango, akatoa simu yake mfukoni, akaiweka mezani mbele yangu. Ilikuwa ya kampuni ileile, na skrini yake imejaa kioo.

"Na hii nifanyie hivyohivyo," alisema kwa sauti ya chini. "Tangu ibadilike, kila mke wangu akipiga ninamkatia."

Nilimpunguzia uwazi, nikamwekea kupokea kwa kugusa, nikampigia kumjaribishia. Alipokea. Alifurahi sana, akaanza kunishukuru, na shukrani zake zikaingia kwenye historia ya simu ya kwanza aliyowahi kumiliki, zikapita kwenye ya pili na ya tatu, nami nilisimama pale hadi jioni na sikumkatiza hata mara moja.