Kabla ya kuuliza bei ya TV, pima kutoka kwenye kochi

Ukiingia duka la TV Kariakoo, swali la kwanza utakaloulizwa ni "Boss, una bajeti ya shilingi ngapi?" Swali hilo linakuja mapema mno. Kabla yake kuna mawili ya kujibu ukiwa bado nyumbani: macho yako yatakuwa umbali gani kutoka kwenye kioo, na utaangalia nini hasa.

Chukua tepu ya fundi. Usipime ukuta hadi ukuta, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Kaa kwenye kochi unavyokaa siku zote, umeegemea, mtu mwingine apime kutoka usoni pako hadi pale kioo kitakaposimama. Tuchukue sebule ya futi 10 kwa 12, ile ya nyumba nyingi za kupanga Sinza, Mabibo na Tabata. Kochi na TV vinatazamana kwa upande mfupi, ambao ukuta hadi ukuta ni sm 305. Mgongo wa kochi na kichwa chako vinakula kama sm 65, na TV ikiwa juu ya stendi, kioo kinakaa mbele ya ukuta kama sm 25. Imebaki sm 215. Fanya hesabu kwa namba hiyo tu.

Sasa gawanya. Kama unaangalia zaidi filamu na mpira wa HD (picha kali, yenye mistari mingi), gawanya kwa 4: unapata inchi 54, yaani TV ya 55 inakufaa kabisa. Kama ni mchanganyiko, taarifa ya habari, tamthilia, mpira kidogo, gawanya kwa 5: inchi 43. Kama karibu kila unachoangalia ni chaneli za SD (picha ya ubora wa chini), gawanya kwa 7: unapata kama 31, yaani unarudi kwenye 32.

Kugawanya kwa 4 kunaifanya picha ichukue takriban nyuzi 30 za upeo wa macho yako, kiasi cha kukuingiza kwenye mchezo bila kugeuza shingo. Lakini picha ya SD ina mistari 576 tu. Kwenye TV ya inchi 55 mistari hiyo imetanuliwa kwenye kimo cha sm 68, na kwa jicho zima utaendelea kuona ukungu na chenga hadi urudi nyuma mita 4. Sebule nyingi za kupanga hazina mita 4 za kurudi nyuma. Ndiyo maana mtu ananunua TV kubwa, anaiwasha, halafu analalamika kwamba ile ndogo ya zamani ilikuwa "safi zaidi". TV haina kosa, ila imeonyesha wazi udhaifu uliokuwa umefichwa na kioo kidogo.

Kabla hujalaumu kioo, angalia waya nyuma ya king'amuzi. Dar es Salaam ilipozima matangazo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, ving'amuzi viliungwa kwenye TV za chogo kwa waya za rangi tatu, nyekundu, nyeupe na njano, na mazoea hayo hayajaisha. Waya ule wa njano hauwezi kupitisha HD. Unaweza kuwa na king'amuzi cha HD, kifurushi cha HD na TV ya 4K (kioo chenye nukta nyingi kuliko HD), na bado ukaangalia SD miaka yote kwa sababu ya waya mmoja. Chomeka waya wa HDMI, unaopitisha HD, kisha ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi uweke 1080, yaani mistari ya picha. Ni kazi ya dakika mbili, na kwa maoni yangu inazidi faida ya kuongeza inchi 10.

Dukani, soma namba iliyo kwenye boksi mbele ya neno "resolution", yaani idadi ya nukta za kioo kwa upana na kimo. TV inaweza kuandikwa 4K kwa maana kwamba inapokea video za 4K tu, wakati kioo chenyewe ni 1366 x 768. Kwa inchi 32 kioo hicho kinatosha. Kwa 43 ukiwa sm 215 utaanza kuona vidoa, kwa hiyo dai 1920 x 1080. Kuanzia 55 chukua 3840 x 2160. Halafu pima kioo kona hadi kona, bila fremu: 32 itoe sm 81, 43 sm 109, 55 sm 140. Muuzaji mkweli hatakasirika ukitoa tepu.

Upana ndio unaoumbua makabati. TV ya 43 ina upana wa kama sm 96, ya 55 sm 123, ya 65 sm 145. Kabati lililochongwa kwa ajili ya chogo mara nyingi haliingizi hata 32. Stendi nayo ina mtego wake: TV nyingi za sasa zina miguu miwili pembeni kabisa, kwa hiyo pima nafasi kati ya mguu na mguu. Mguu ukining'inia nje ya stendi, mtoto mmoja akigusa, imekwisha.

Kimo kinapuuzwa sana. Katikati ya kioo pawe usawa wa macho ukiwa umekaa, kama sm 100 hadi 110 kutoka sakafuni. Kwa 55 hiyo maana yake ukingo wa chini uwe sm 70 hivi. Kwenye nyumba ambazo watu hukaa kwenye mkeka, shusha zaidi. TV inayokaribia dari ni ya baa, ambako watu wamesimama. Nyumbani inaumiza shingo.

Ukitaka kuitundika, muulize kwanza mwenye nyumba kama anaruhusu kutoboa. Pima matundu ya nyuma ya TV kutoka kitovu cha tundu hadi kitovu, mfano mm 200 kwa 200, ndipo ununue breketi inayolingana na matundu na uzito. Skrubu za kwenye TV zisizidi urefu ulioelekezwa, kwa sababu ndefu hutoboa kwa ndani na kuua kioo. Ukuta wa tofali lenye mchanga mwingi ukitoa vumbi jepesi bila ukinzani wakati wa kutoboa, hamisha tundu. Na usiitundike ikitazamana na dirisha linalopigwa na jua la jioni.

Ikifika wakati wa kubeba, TV isafiri imesimama ndani ya boksi lake, kwenye Kirikuu, mtu akiishikilia. Ikilazwa, shimo moja la barabarani linatosha kupasua kioo, na ufa huo hutauona mpaka uiwashe.