Mhusika Akikaa Kitako, Kisa Kiende Wapi?

Mwaka 2025 Abdulrazak Gurnah alitoa Theft, riwaya yake ya kwanza tangu apewe Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Kwa jina hilo la wizi, msomaji anaweza kuifungua akitegemea polisi, msako, na mwizi anayefichuliwa ukurasa wa mwisho. Hayamo. Yumo Badar, kijana maskini aliyepelekwa Dar es Salaam kuwa mtumishi wa ndani, akatuhumiwa wizi, akaondoka, akaishia Zanzibar akifanya kazi hotelini. Yumo Karim, msomi anayepanda upesi, na Fauzia, anayekuja kuolewa naye. Kisa chote utakisimulia kwa dakika mbili. Lakini ukiulizwa Karim ni mtu wa namna gani, utaanza sentensi, uikate, uanze nyingine.

Riwaya za namna hii, zinazobebwa na mtu badala ya mkasa, ndizo zinazosifiwa sana na wahakiki siku hizi. Ndizo pia zinazowafanya wasomaji wengi wanung'unike: nimefika katikati ya kitabu na hakuna kilichotokea. Mimi nazipenda riwaya hizi, na bado nadhani mnung'uniko huo una haki kuliko wahakiki wanavyokubali. Ila unalaumu kisichostahili lawama.

Tuanze na haki yake. Sisi tumelelewa na matukio. Kabla ya kujua riwaya tulijua "paukwa, pakawa", na msimulizi mbaya alijijua papo hapo, kwa sababu watoto walilala. Riwaya ya upelelezi ikaendelea na desturi hiyohiyo: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), kisha Willy Gamba wa Elvis Musiba, kisha Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Hakuna aliyemaliza kitabu cha Willy Gamba akijiuliza kama Willy alikuwa na utoto wenye furaha. Tulitaka kujua kama atatoka hai. Aristotle mwenyewe, alipochambua tanzia, aliuweka msuko wa matukio mbele na tabia za watu nyuma yake. Anayeuliza "ikawaje?" si msomaji mvivu.

Kuna hoja nzito zaidi upande huohuo. Mwishoni mwa mwaka 2021 mhakiki Parul Sehgal aliandika makala katika jarida la The New Yorker akizilalamikia hadithi za sasa zinazomjenga mhusika juu ya jeraha moja la zamani. Unaifahamu namna yake. Mtu ni mkimya, mkali, hapendi kuguswa. Tunazungushwa sura baada ya sura. Karibu na mwisho tunaonyeshwa alichotendewa utotoni, na hapo kila tabia yake inapewa sababu. Tunaambiwa huo ndio undani. Kwangu mimi hiyo ni siri moja iliyocheleweshwa, hadithi ya upelelezi inayoona haya kujiita hivyo. Willy Gamba angelifumbua fumbo lenyewe kwa kurasa kumi na kuendelea na safari.

Sasa upande wa pili. Anayetaka kuona riwaya inakuwaje pale ambapo mtu ni chombo tu cha kubebea wazo, arudi kwa Shaaban Robert. Katika Kusadikika (1951) mshitakiwa ni Karama na waziri anayemshitaki ni Majivuno. Majina yamekwisha kutoa hukumu kabla kesi haijasikilizwa. Kwa wakati ule ilifaa, na pengine ilikuwa lazima: chini ya ukoloni, nchi ya kubuni na watu wa kubuni vilimpa mwandishi nafasi ya kusema ambayo asingeipata kwa uwazi. Lakini hakuna msomaji aliyewahi kubishana na mwenzake kuhusu Karama. Utabishana nini? Karama ni mwema tangu neno la kwanza.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa mwandishi mmoja aliyeandika kwa namna zote mbili, Adam Shafi. Kuli ilitoka 1979. Rashidi, mtoto wa kuli wa bandari ya Unguja, naye anakuwa kuli, anafumbuka macho hatua kwa hatua, na riwaya inafika kwenye mgomo wa 1948, mgomo ambao ulitokea kweli. Ni kitabu chenye nguvu. Jasho la bandarini limo. Lakini Rashidi anakwenda mahali ambapo historia imekwisha kumpangia, na msomaji anaona kituo cha mwisho tangu mbali. Enzi ile wahakiki wengi waliitaka riwaya ionyeshe tabaka kwanza, mtu baadaye, na Kuli iliwatosheleza.

Miaka 20 baadaye, 1999, ikatoka Vuta N'kuvute. Ni Zanzibar ileile ya mkoloni, na siasa ni ileile. Rashidi amerudi kwa jina jingine: anaitwa Denge, amesoma Urusi, anapambana na Waingereza, anajua anachokitaka. Tofauti ni kwamba safari hii kitabu si chake. Ni cha Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa akiwa bado mtoto kwa Bwana Raza, mwenye duka wa umri wa kumzaa. Tena Raza si jitu. Ni mzee anayempenda Yasmin kwa namna anayoijua yeye, na hilo linamfanya msomaji akose pa kuimwaga hasira yake yote. Yasmin anamkimbia bila kuongozwa na itikadi yoyote. Amechoka, ni mdogo, anataka kucheka. Jamaa zake wanapomfungia mlango anakwenda kwa Mwajuma, katika mtaa wa Ng'ambo, na hapo ndipo anaanza kuwa mtu mbele ya macho yetu: anavyokula, anavyojifunza kukaa na watu ambao ndugu zake waliwadharau, anavyoona haya na baadaye kutoona haya.

Matukio hayakupungua. Kuna makachero, kuna kujificha, kuna hatari za usiku. Ila safari hii tunayaogopa, kwa sababu yanaweza kumharibu mtu tunayemjua. Denge akikamatwa tunasikitika kwa ajili ya harakati. Yasmin akikosea tunakasirika kama ndugu zake. Nikiambiwa nichague kimoja kati ya vitabu hivyo viwili nisome tena, sitafikiri mara mbili.

Gurnah analifanya suala kuwa gumu zaidi. Riwaya yake ya Paradise ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi (2022), inamfuata Yusuf, mvulana wa miaka 12 ambaye baba yake anamtoa kufidia deni kwa mfanyabiashara Aziz. Yusuf hachagui karibu chochote. Anapelekwa dukani, anapelekwa bara na msafara, anatazamwa na kutamaniwa na kila mtu kwa sababu ya uzuri wake. Wapo wanaosema huyu si mhusika bali ni dirisha la kuonea Afrika Mashariki ilivyokuwa Wajerumani walipokuwa wakiikamata. Nawaelewa. Katikati ya safari, Muhammed Abdalla, mnyapara wa msafara, anamfunika kabisa. Mnyapara akisema, Yusuf anayeyuka.

Hata hivyo nadhani Gurnah alijua anachokifanya. Mtoto aliyewekwa rehani atakuwaje mtu wa maamuzi? Kumpa ushujaa kungekuwa uongo. Na ndiyo maana mwisho wa riwaya unauma: kitendo kikubwa anachokitenda kwa hiari yake ni kukimbilia safu ya askari wa Wajerumani. Nimewasikia wasomaji wakiulaani mwisho huo kuwa wa ghafla. Mimi naona kila ukurasa uliotangulia ulikuwa ukiuandaa: kila mlango mwingine alikwisha kuonyeshwa kwamba umefungwa. Hapo kisa na mhusika vimekuwa kitu kimoja, na ule ubishi wa kipi kitangulie hauna kazi.

Kwa hiyo ninapokutana na riwaya ya mhusika inayochosha, siulizi kama kuna matukio ya kutosha. Nauliza: kuna mtu mwingine ndani ya kitabu anayeweza kumgusa huyu mhusika, akamzuia, akamkatalia, akamuumiza, akamlazimisha kujibu? Mhusika aliyeachwa peke yake na mawazo yake huchosha hata akiwa na akili nyingi. Mtu hajulikani kwa anayoyafikiri tu. Mara nyingi anajulikana kwa anavyojibu jirani anapogonga mlango kuomba mkopo.

Euphrase Kezilahabi anatoa ushahidi wa pande zote mbili. Wengi wanaiweka Kichwamaji (1974) juu ya Rosa Mistika (1971), kwa sababu Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu anayejisimulia mwenyewe, anafikiri mambo mazito: maisha yana maana gani, msomi ana nafasi gani kijijini, Mungu yuko wapi. Wakati ule kuna waliomshutumu Kezilahabi kwa kukata tamaa. Sina ugomvi na kukata tamaa kwake. Ugomvi wangu ni kwamba Kazimoto anapenda mno kujisikiliza. Kuna kurasa ambazo watu wengine wapo ili yeye apate la kutafakari. Rosa hana falsafa. Ana baba, Zakaria, mlevi anayemchunga bintiye kwa kipigo, na ana barua ya mvulana inayompatia kipigo hicho. Ukishaiona siku ile, hatua za baadaye za Rosa chuoni Morogoro hazihitaji mhadhara. Najua wenzangu wengi hawatakubaliana nami, lakini kwangu Rosa ni mtu na Kazimoto, kwa sehemu, ni insha.

Elizabeth Strout, Mmarekani, alilifahamu jambo hili kwa namna yake. Olive Kitteridge (2008) ina hadithi 13 kuhusu mwalimu mstaafu wa hesabu katika mji mdogo wa Maine, na katika baadhi ya hadithi hizo Olive anapita tu. Tunamwona kwa macho ya watu wa mji: huyu anamwogopa, yule anamshukuru. Hakuna mkasa wa kukukosesha usingizi. Lakini Olive hapumziki na watu, na sisi hatumchoki.

Nikiitazama Theft kwa kipimo hicho, nagawanyika. Karim ni kazi ya fundi: hakuna sehemu tunayoambiwa kwamba amekuwa mtu mbaya, ila nyumbani, hasa baada ya mtoto kuzaliwa, tunaanza kumwogopea Fauzia bila kujua tulianza lini. Badar, kwa upande wake, ni mwema mno kwa ladha yangu. Anavumilia, anavumilia tena, na miaka inarukwa pale ambapo ningetaka kumwona akijibu. Hapo anayenung'unika ana haki, na sitamwambia asome polepole.

Kwetu kuna kikwazo kingine ambacho wasomaji wa kwingine hawakijui sana. Vuta N'kuvute imesomwa na vijana wengi wa kidato cha tano na sita Tanzania, na wengi wao wamekutana na Yasmin kupitia swali la sifa za mhusika: ni jasiri, ni mvumilivu, ana msimamo, kila sifa na mfano wake. Mwanafunzi akiandika kwamba Yasmin ni jasiri na ni mwoga, tena katika tendo lilelile, anajiweka hatarini kukosa alama, ingawa yeye ndiye aliyesoma. Wachapishaji nao wanaishi kwa soko la shule, na muswada ambao mwalimu hawezi kuutolea dhamira tano ubaoni hauna haraka ya kuchapwa. Tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 na kupokea hata miswada isiyochapishwa, ilifungua njia kidogo. Lakini kijana anayeandika leo kwa Kiswahili kuhusu mtu kama Karim, mtu asiyetoa funzo lolote la kuandika kwenye daftari, bado atalazimika kumtafutia mchapishaji aliye tayari kupata hasara.