Piaget chuoni, fundi Matondoni

Nilipokuwa chuo cha ualimu tulikariri hatua nne za ukuaji wa akili ya mtoto alizozieleza mwanasaikolojia Piaget, majina na umri wake, kwa kuwa zingeulizwa kwenye mtihani. Hakuna aliyeona kichekesho cha kumkariri mtu aliyesema kwamba mtoto hujijengea maarifa kwa kushika na kujaribu. Niliporudi Lamu kufundisha nilikuta watoto zaidi ya sitini katika chumba kimoja, na Piaget akabaki daftarini.

Sasa ni mwaka wa tisa niko Leicester, Uingereza, msaidizi wa mwalimu katika shule ya msingi. Sheria ya Uingereza haiweki zaidi ya watoto 30 wa miaka 5 hadi 7 chini ya mwalimu mmoja, na darasani kwetu tuko watu wazima wawili. Kwa hiyo naweza kukaa sakafuni na mtoto mmoja, nikaona anakwama wapi katika hesabu za kutoa, nikampa vifuniko vya chupa ahesabu, kisha nikamwachia. Vygotsky, mwanasaikolojia Mrusi aliyefariki mwaka 1934, aliyaeleza haya haya, ila yanataka muda na mtu wa kukaa. Wala huku si peponi: tangu 2012 watoto wa mwaka wa kwanza hupimwa usomaji wa sauti za herufi, na majuma hayo michezo huwekwa kando.

Mtaala wa umilisi, unaotaka mtoto ajifunze kwa kutenda, ulipoanza kote Kenya mwaka 2019, dada yangu wa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, alinipigia simu usiku kuuliza atapata wapi karatasi za manila kabla ya asubuhi. Kazi ya mtoto ikamalizwa na mama. Silaumu wazo la mtaala. Linaloniudhi ni kwamba tulilitafuta dukani ilhali liko Matondoni, kijiji cha waunda majahazi kisiwani Lamu, ambako kijana huanza kwa kusokota pamba ya kalafati, ya kuziba nafasi kati ya mbao, akapanda hadi kupigilia mbao za jahazi, huku fundi akimtazama na kumsahihisha pale tu anapokosea, na vipimo, pembe na makadirio yote yakipita mikononi mwake. Mwalimu anayajua hayo. Lakini nani atabaki na watoto hamsini wengine akiwapeleka kumi ufukweni?

Ningepewa fedha za darasa moja la Lamu, nisingenunua vishikwambi. Ningemlipa mtu mzima wa pili, mwaka mzima, na siku moja ya juma mtu huyo angekuwa fundi wa majahazi.