Mchora katuni wa Kisumu: abaki gazetini au ahamie animesheni?

Vijana wanaochora Kisumu na Nakuru hupewa ushauri mmoja siku hizi: achana na katuni za magazeti, jifunze animesheni, yaani michoro inayotembea. Ushauri huo una uzito. Magazeti yamepunguza wafanyakazi, na hata enzi zake nafasi za wachora katuni zilikuwa za kuhesabika, nyingi zikiwa Nairobi. Animesheni haikulazimishi kuhama. Blender, programu ya kompyuta ya kutengenezea animesheni, ni ya bure, na mashirika ya afya yaliyoko Kisumu huhitaji filamu fupi za kuelimisha umma.

Lakini kazi yenyewe ni ngumu. Sekunde moja huchukua picha 24. Hata ukichora 12 na kuirudia kila moja, dakika nzima inakudai michoro 720. Stima ikipotea usiku wa mwisho, hasara ni yako. Linaloniuma zaidi ni kwamba hadithi huletwa na mteja ikiwa tayari: mama, mtoto, chandarua, zahanati. Hakuna anayemuuliza mchoraji kama dawa zimo katika zahanati hiyo. Mchora katuni wa gazeti angeanzia hapo hapo.

Mtazame Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, mchora katuni Mtanzania aliyejiunga na gazeti la Nation la Kenya mwaka 1992. Vikaragosi vyake vya The XYZ Show, kipindi cha kejeli za kisiasa, vilipoingia kwenye televisheni mwaka 2009, viliwachoma wanasiasa kwa sababu muundaji wao alikuwa na miaka mingi ya kusoma habari, kuchagua jambo moja na kulichora kabla gazeti halijaenda mitamboni. Hata hivyo gazeti nalo si ngome. Katuni yake ya Rais Kikwete ilizua mzozo mwaka 2015, na mwaka uliofuata mkataba wake haukuongezwa.

Mitandao je? Kibet Bull, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton, alisambaza picha za kivuli za kumkejeli Rais Ruto bila kumsubiri mhariri. Desemba 2024 alitekwa nyara. Januari akaachiliwa, akajikuta Luanda, Kaunti ya Vihiga, magharibi mwa Kenya. Mawakili na wanaharakati walimpigania mahakamani, ila chumba cha habari cha kumkingia kifua hakikuwepo.

Kwa hiyo simwambii kijana wa Nyalenda, mtaa wa Kisumu, aache animesheni. Kodi ya nyumba lazima ilipwe. Namsihi achore pia katuni moja kila siku kuhusu kaunti yake, soko la Kibuye au magugu maji ziwani, na amwonyeshe mtu anayethubutu kumwambia haijaeleweka. Mteja wa animesheni akija, adai haki ya kuisoma hadithi na kuipinga kabla ya kushika kalamu.