Mpango Mwema Unaojificha

Wasomaji wenzangu hapa Kisumu wamegawanyika juu ya Second Foundation, riwaya ya Isaac Asimov iliyotoka mwaka 1953. Mtaalamu Hari Seldon amepiga hesabu za mwenendo wa umati akaona dola inayotawala nyota zote ikiporomoka, na giza la miaka 30,000 likifuata. Anabuni mpango wa kulifupisha liwe miaka 1,000. Kituo kimoja cha wanasayansi kinajulikana, kipo Terminus. Cha pili, ndicho hicho Second Foundation, kimefichwa, na watu wake huingia katika hisia za wengine wakazigeuza bila mwenyewe kujua. Ndio wanaourudisha mpango njiani, kama ulipovurugwa na Mule, mtekaji mwenye kipawa kama chao.

Wanaowatetea watu hawa wa siri wana hoja nzito. Hesabu za Seldon zinataka umati usiojua umetabiriwa. Watu wakishaambiwa watakalofanya, hawalifanyi tena. Isitoshe, watu hawa hawajitajirishi. Mkuu wao huonekana mkulima wa kawaida tu, na 50 kati yao wanajitoa mhanga ili adui aamini kundi zima limekwisha. (Mtajieni kiongozi yeyote wa kwetu sharti hilo muone.)

Wanaowapinga humtaja Arkady Darell, binti wa miaka 14 anayekimbia huku na huko akiamini uamuzi ni wake. Kumbe akili yake iliguswa tangu uchanga. Msomaji anaambiwa, yeye haambiwi.

Muuguzi mmoja kati yetu alileta mfano wa chanjo ya malaria, RTS,S. Ilijaribiwa Kombewa na Siaya miongoni mwa sehemu nyingine, kisha Septemba 2019 ikaanza kutolewa Homa Bay na kaunti jirani. Hapo pia hesabu ni ya umati: huwezi kusema ni mtoto gani ataugua, lakini katika maelfu ya watoto unaweza kukadiria wangapi wataepuka ugonjwa. Tofauti ni kwamba takwimu zilichapishwa na mama aliweza kukataa. Hata hivyo, mwaka 2020 jarida la tiba la BMJ lilihoji kama wazazi walielezwa vya kutosha. Lawama zikatolewa hadharani, majibu yakatolewa hadharani, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo.

Mfano mzuri, ila haumalizi ubishi. Mbu hasomi magazeti. Mtu anasoma, na akisoma anabadilika. Kwa hilo Seldon ana haki.

Kinachonishinda ni kingine. Wema wa kundi hili tunaujua kwa sababu Asimov ametupeleka nyuma ya pazia. Mkazi wa Terminus hana nafasi hiyo. Kwake yeye, anayemgeuza moyo kwa ajili ya vizazi vijavyo na Mule anayemgeuza ili amtawale wanafanya kitendo kilekile, na hana pa kuuliza ni yupi kati yao amemgusa. Hata wale 50 waliojitoa mhanga walikufa ili kuukamilisha uongo.

Ndiyo maana, ingawa riwaya inamchora Dkt. Darell, baba yake Arkady, kama mtu aliyepumbazwa, mimi namuunga mkono. Alitengeneza chombo cha kuwazuia wageni kuingia akilini, akakiwasha bila kuwauliza kwanza kama nia yao ni njema.