Muhula Mmoja Hautoshi Kumlea Binti

Watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani wamekusanya ushahidi mzito kuhusu wasichana Weusi shuleni. Mwaka 2017, Chuo Kikuu cha Georgetown kilitoa utafiti uliohoji watu wazima 325. Walimwona msichana Mweusi kuwa mkubwa kuliko umri wake, asiyehitaji sana kulindwa wala kubembelezwa kama mwenzake Mzungu, na mtazamo huo ulianza kumwandama akiwa na miaka mitano tu. Takwimu za serikali za mwaka wa masomo 2017-18 nazo zinatisha: wasichana Weusi walikuwa asilimia 15 ya wasichana wote katika shule za umma, lakini karibu nusu ya adhabu za kusimamishwa na kufukuzwa walizopewa wasichana ziliwaangukia wao.

Tatizo limeshathibitishwa. Mtafiti anayeingia shuleni leo aje na ulezi pia, yaani mtu mzima anayekutana na wasichana mara kwa mara kama rafiki na mshauri, na ulezi huo usifuate kalenda ya chuo.

Muhula una majuma kama 15. Ukitoa muda wa kuwachunguza walezi kabla hawajaruhusiwa kukaa na watoto, likizo na mitihani, yanabaki manane au tisa. Mwaka 2002, Jean Grossman na Jean Rhodes walichapisha matokeo ya kufuatilia vijana zaidi ya 1,100 wa Big Brothers Big Sisters, mpango wa Marekani unaowaunganisha vijana na walezi wa kujitolea. Walionufaika zaidi ni wale waliokaa na mlezi mwaka mzima au zaidi. Ulezi uliokatika ndani ya miezi mitatu ulimwacha kijana akijithamini kidogo kuliko mwanzo. Kwa hiyo mwanafunzi wa chuo anayekuja Septemba kutafuta alama za kozi, kisha akatoweka Desemba, anaweza kumwumiza mtoto aliyekuja kumsaidia.

Mpango unaosimama huwa mdogo: wasichana 8 hadi 12, walezi wawili au watatu, dakika 90 kila wiki, siku ileile. Mlezi aahidi miezi 12, kiangazi kikiwemo, maana ndipo miradi mingi hufa: shule imefungwa, basi haliji, chumba hakipo. Nauli, chakula, ukumbi wa maktaba ya mtaa na posho ya mlezi viingie kwenye bajeti tangu siku ya kuomba fedha. Mlezi akilazimika kuondoka, aage ana kwa ana wiki kadhaa kabla, na atakayempokea awe ameshazoeleka.

Ridhaa ya kushiriki utafiti nayo haifanyiwi haraka. Mzazi anaruhusu, na mtoto mwenyewe anakubali au anakataa. Kanuni za utafiti za serikali ya shirikisho ya Marekani zinataka maelezo yawe katika lugha anayoielewa anayesaini. Familia za Kikongo zinazozungumza Kiswahili huko Marekani zinahusika hapa moja kwa moja, kwani binti zao huhesabiwa kuwa Weusi katika takwimu za shule. Kumtaka binti amfasirie mama yake fomu ambayo yeye mwenyewe ndiye mhusika si ridhaa, mkalimani alipwe. Siku ya kwanza pia wasichana waambiwe siri ambazo mlezi hawezi kuzitunza, hasa habari za mtoto kuumizwa. Wakijua baadaye, imani imekwisha.

Ruth Nicole Brown alipoanzisha SOLHOT, mpango wa wasichana Weusi, mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Urbana-Champaign, wasichana walikutana kwa ngoma, mashairi na muziki, bila kuja kunyooshwa tabia. Naiunga mkono njia hiyo kwa moyo wote. Programu nyingi mno humfundisha msichana kushusha sauti, huku kanuni inayomwadhibu ikiachwa ilivyo.

Kanuni hiyo inachunguzika. Takwimu za taifa husema nani kasimamishwa, hazisemi kwa kosa gani. Hilo huombwa wilaya ya elimu kwa mkataba wa kupewa data. Tenga makosa yanayoshikika, kama kupigana, na yale yanayotegemea jicho la mtu mzima: ukaidi, kukosa heshima, mavazi. Kisha hesabu waliosimamishwa kwa kila wasichana 100 wa kila kundi, ulinganishe. Shule yenye wasichana Weusi 20 tu, adhabu ya mmoja hupandisha kiwango kwa wasichana 5 kwa kila 100, hivyo unganisha miaka mitatu. Kitabu cha kanuni kisomwe mstari kwa mstari, hasa nywele na vilemba. California ilipitisha Sheria ya CROWN dhidi ya ubaguzi wa nywele mwaka 2019, ya kwanza miongoni mwa majimbo. Kazi hii waifanye wasichana wenyewe, wakilipwa kwa saa kama wasaidizi wengine wa utafiti.

Matokeo yaanzie kwao na kwa wazazi, ndipo yaende bodi ya shule kabla kanuni za mwaka mpya hazijapitishwa. Ripoti ikifika vitabu vimeshachapwa, wasichana walewale watakaa mwaka mwingine chini ya kanuni ileile.